Gololi Ishirini na Mbili: Kuchakaa na Kutengenezwa kwa Ekseli ya Krenki

Katika vijiji vya Unyamwezi na Usukuma, kama ilivyo katika sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki, baiskeli ndiyo gari la mzigo la mkulima. Hubeba gunia la mkaa, madumu ya maji, mgonjwa anayepelekwa zahanati, na mwanafunzi ambaye shule yake iko mbali na kwao. Pikipiki zimeenea, lakini pikipiki hudai petroli kila siku, na baiskeli haidai kitu ila chakula cha yule anayeiendesha. Basi baiskeli ya namna hiyo inapoanza kusaga kila mguu ushukapo, na krenki zake kuyumba upande kwa upande kama jino linalotaka kung'oka, hasara inayokaribia si ya kelele tu.

Neno la kwanza linalosemwa na wengi ni kwamba baiskeli hiyo ni ya bei rahisi. Usemi huo una ukweli kidogo, nao utaelezwa mahali pake. Lakini ekseli ya krenki haichakai kwa sababu ya bei peke yake. Huchakaa kwa mchanga, kwa kulegea na, ingawa neno hili huenda likawaudhi baadhi ya mafundi, kwa nyundo ya yule anayeitengeneza. Mambo hayo yote matatu yanaelezeka kwa fizikia ya shule ya sekondari, na yote yanazuilika kwa spana, grisi na uangalifu.

KILICHOMO NDANI

Chini ya fremu, pale mabomba yanapokutana karibu na miguu ya mwendeshaji, pana bomba fupi lililolala. Ndani yake hupita ekseli, nayo hushikwa na krenki mbili kwa vipande vya chuma viitwavyo kotapini. Karibu na kila mwisho ekseli imenenepeshwa kwa umbo la koni. Kila koni hutazamana na kikombe cha chuma kilichokazwa kwa hesi katika mdomo wa bomba, na kati ya koni na kikombe huzunguka gololi 11, kila moja ikiwa na kipenyo cha robo ya inchi, yaani milimita 6.35. Pande zote mbili ni gololi 22. Kikombe cha kulia, upande wa mnyororo, hukazwa mpaka ukingo wake uegemee bomba, na kwa kawaida hakiguswi tena. Kikombe cha kushoto ndicho cha kurekebishia: huingizwa au kutolewa kidogo kidogo mpaka ekseli izunguke bila kubana na bila kuchezacheza, kisha hufungwa kwa ringi ya nje.

Gololi zilianza kutumika katika baiskeli mapema sana. Fundi wa Paris, Jules Suriray, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1869, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Mwingereza James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, mwendo wa kilomita 123, akitumia baiskeli yenye gololi za Suriray. Shida ya wakati ule ilikuwa kuzifanya gololi zilingane. Ni mwaka 1883 tu ambapo Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja zikawa za mviringo kamili na za kipimo kimoja. Kulingana huko ndiko kiini cha jambo zima, kama itakavyoonekana.

MZIGO WA GOLOLI MOJA

Tuchukue mwendeshaji mwenye uzito wa kilogramu 60, anayepanda mlima akiwa amesimama juu ya pedeli ya kulia. Kani anayoitia ni nyutoni 600 hivi. Wengi hudhani kwamba kani hiyo hugawanyika kati ya vikombe viwili, 300 kwa 300. Sivyo hata kidogo, kwa sababu pedeli haiko kati ya vikombe. Iko nje yao. Mpangilio wake hasa ni ule wa wenzo.

Vipimo hutofautiana kati ya baiskeli na baiskeli, na mwanafunzi atafanya vyema kupima ya kwao kwa rula. Kwa makadirio, mistari miwili ya gololi iko umbali wa sentimita 5, na katikati ya pedeli ni sentimita 10 nje ya mstari ulio karibu. Kwa kanuni ya momenti, tukichukua mstari wa mbali kuwa egemeo, kikombe cha karibu hupokea kani ya 600 × 15 ÷ 5, yaani nyutoni 1,800 kuelekea chini. Kikombe cha mbali hupokea 600 × 10 ÷ 5, yaani nyutoni 1,200, nayo huelekea juu. Mtu wa kilogramu 60 hukigandamiza kikombe kimoja kwa uzito wa watu watatu kama yeye, na wakati huo huo hukisukuma cha pili kwenda juu kwa uzito wa watu wawili.

Bado kuna mnyororo. Krenki ya sentimita 16.5 ikisukumwa kwa nyutoni 600, na sproketi kubwa ikiwa na meno 46, ambayo nusu kipenyo chake ni kama sentimita 9.3, mnyororo hukazika kwa kani ya nyutoni 1,060 hivi. Kani hii huvuta ekseli kwa nyuma. Kwa kuwa sproketi iko kama sentimita 2 nje ya kikombe cha kulia, hesabu ile ile ya wenzo huonyesha kwamba kikombe cha kulia hupokea nyutoni 1,480 kwa nyuma, na cha kushoto nyutoni 420 kwa mbele. Tukiunganisha 1,800 ya chini na 1,480 ya nyuma kwa kanuni ya Pythagoras, kikombe cha kulia hubeba jumla ya nyutoni 2,330 hivi, kuelekea chini na nyuma.

Mzigo huo haugawanyiki sawasawa kwa gololi 11. Zile zilizo upande unaogandamizwa hubeba, na zile za upande wa pili hupumzika. Mwaka 1901 mhandisi Mjerumani Richard Stribeck alionyesha kwamba, katika beringi yenye nafasi ndogo ya kawaida, gololi iliyo mahali pa mzigo mkubwa kabisa hubeba karibu mara tano ya wastani. Kwa hiyo gololi yetu moja, yenye ukubwa wa punje ya mbaazi, hubeba takriban 5 × 2,330 ÷ 11, yaani nyutoni 1,060. Huo ni uzito wa gunia la kilogramu 100 na zaidi. Nayo haikugusa chuma cha kikombe kwa uso wake wote, bali kwa kidoa ambacho eneo lake halifiki milimita moja ya mraba. Namna ya kukadiria kidoa hicho ilionyeshwa mwaka 1881 na Heinrich Hertz, yule yule ambaye jina lake wanafunzi hulitamka wanapohesabu mawimbi ya redio. Kanieneo mahali hapo hufikia maelfu ya nyutoni kwa kila milimita ya mraba.

Hesabu ya Hertz hutoa pia jibu la swali linaloulizwa mara kwa mara katika vibanda vya mafundi: je, gololi zikipotea tatu, haifai kuongeza tatu mpya kati ya nane za zamani? Chini ya mzigo tuliousema, gololi na chuma kinachoiegemea hukaribiana kwa kubonyea kiasi cha sehemu mbili za mia za milimita moja tu. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara tatu hivi. Basi gololi mpya ikiwa kubwa kuliko wenzake zilizokwisha kulika kwa kiasi hicho hicho, itabeba karibu mzigo wote peke yake, na zile za zamani zitazunguka bure. Ndiyo sababu gololi hubadilishwa zote kwa pamoja, kutoka pakiti moja, hata kama nyingine zinang'aa.

UGUMU ULIO JUU TU

Sasa tuje kwenye ukweli wa ule usemi wa bei rahisi. Gololi zenyewe, hata za bei ndogo, kwa kawaida hutengenezwa kwa feleji yenye kaboni karibu asilimia 1 na kromi karibu asilimia 1.5, nayo huwa ngumu mpaka moyoni. Vikombe na ekseli ni jambo jingine. Hivi hufanywa kwa chuma laini chenye kaboni kidogo, kwa kuwa ni rahisi kukifinyanga na kukikereza. Baadaye huokwa pamoja na kitu chenye kaboni nyingi, kwa joto la karibu nyuzi 900 za Sentigredi, ili kaboni ipenye kwenye ngozi ya chuma, kisha hutoswa katika mafuta au maji. Ngozi inakuwa ngumu kama kioo na moyo unabaki laini. Uhusiano wa kaboni na ugumu wa chuma si jambo geni katika nchi hii: mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walivyotengeneza chuma chenye kaboni katika tanuri zao kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Ngozi hiyo ngumu mara nyingi haifiki unene wa milimita moja, na katika vikombe vilivyotengenezwa kwa haraka huwa nyembamba zaidi, au haikuenea sawasawa. Maadamu haijatoboka, kikombe cha bei ndogo hufanya kazi kama cha bei kubwa. Ikishatoboka mahali pamoja, gololi huingia katika chuma laini na kuchimba shimo, na kila gololi inayofuata hulipanua. Kutoka hapo hakuna grisi itakayokiokoa.

Anayenunua kikombe kipya anaweza kukijaribu pale pale dukani. Achukue pembe ya tupa ya zamani iliyo kali bado, na kuigusisha kidogo kwenye ukuta wa ndani wa kikombe, kando ya njia ya gololi na si juu yake. Tupa ikiteleza kama inavyoteleza juu ya kioo, chuma kimegumishwa. Ikiuma na kuacha mkwaruzo unaong'aa, kikombe hicho kirudishwe rafuni, hata kama kimepakwa nikeli kikametameta.

MCHANGA, KULEGEA NA NYUNDO

Mchanga wetu kwa sehemu kubwa ni kwatsi, yaani jiwe lile jeupe linalokwaruza kioo. Kwatsi ni gumu kuliko hata feleji iliyogumishwa. Kwa hiyo punje zake zikichanganyika na grisi, mchanganyiko huo ni sawa na dawa ya kusagia chuma. Maji nayo huingia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Hayatoki kwenye matope ya chini tu, bali hushuka kutoka juu, kupitia bomba la kiti, na kukusanyika katika bomba la ekseli lililo mahali pa chini kabisa pa fremu. Tundu dogo la milimita 3, likitobolewa chini ya bomba hilo, huyaachia maji njia ya kutokea. Na oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi huipenda kwa kuwa haina bei, ni msaada wa siku mbili. Huja na masizi na unga wa chuma ndani yake, huvuja upesi, na ikivuja hunasa vumbi la barabara na kulikaribisha ndani.

Kulegea huua kwa njia ya ile kanuni ya Stribeck. Nafasi kati ya koni na kikombe ikizidi, idadi ya gololi zinazobeba kwa wakati mmoja hupungua, na mzigo wa ile ya katikati huongezeka. Kulegea kwenyewe hakuishii kwenye gololi. Kikombe kisichokazwa hucheza ndani ya bomba, na nyuzi za hesi za fremu husagika. Hapa ndipo penye hasara kubwa: kikombe ni cha bei ndogo na hupatikana katika duka lolote la vipuri, lakini nyuzi za fremu haziuzwi. Baadhi ya mafundi, wakifikishiwa fremu iliyokwisha nyuzi, hukichomelea kikombe kwa umeme. Joto la kuchomelea hulainisha feleji iliyogumishwa, kwa sababu ugumu huanza kupungua chuma kinapopita nyuzi 200 za Sentigredi hivi, na hapo joto huwa zaidi ya 1,000. Kikombe hakitikisiki tena, ila kimekuwa chuma laini, na fremu imefungwa nacho milele.

Nyundo inahitaji maelezo marefu kidogo. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, mhandisi wa Sweden Johan August Brinell alionyesha njia ya kupima ugumu wa chuma: gololi ngumu hugandamizwa juu ya chuma kinachopimwa, kisha kipimo cha kishimo kinachobaki huonyesha ugumu wake. Fundi anayetoa kotapini kwa kuipiga nyundo huku krenki ikining'inia hewani anafanya jaribio la Brinell bila kujua. Pigo hupita katika pini, likaingia katika ekseli, likafika kwenye gololi, na gololi huacha vishimo katika koni na kikombe, kimoja kwa kila gololi. Baiskeli iliyoletwa kwa ajili ya kotapini tu huondoka na maradhi ya ekseli, yatakayojionyesha baada ya mwezi mmoja au miwili, wakati ambapo hakuna atakayeikumbuka ile nyundo.

KUIPIMA KABLA YA KUIFUNGUA

Si kila mlio wa chini ni wa ekseli. Mtu ashike krenki zote mbili na kuzisukuma kwa pamoja kulia na kushoto. Zikicheza zote kwa pamoja, kosa liko kwenye vikombe. Ikicheza moja na nyingine ikatulia, ni kotapini. Mlio wa "ka!" unaosikika mara moja tu katika kila mzunguko, mahali pale pale, kwa kawaida ni wa kotapini pia. Kisha mnyororo utolewe kwenye sproketi, krenki zizungushwe kwa mkono, na sikio liwekwe juu ya kiti. Fremu hupitisha sauti vizuri kuliko hewa. Ekseli nzima hutoa mvumo laini. Yenye mchanga husaga. Yenye mashimo hugonga kwa mpangilio.

Ikibidi kufungua, nati ya kotapini ilegezwe mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, ili pini isipinde. Chini ya krenki, kuzunguka kichwa cha pini, lisimamishwe bomba nene la chuma lililoegemea jiwe au sakafu, na krenki iliegemee barabara. Pigo moja zito na lililonyooka ni bora kuliko vipigo ishirini vya kubembeleza. Kani ya nyundo hushuka katika bomba hadi ardhini, na gololi hazipati habari.

Kikombe cha kushoto hulegea kwa kukizungusha kinyume cha mishale ya saa, kama hesi nyingine zote. Kikombe cha kulia, kikihitaji kutolewa, huzungushwa kwa kufuata mishale ya saa, na asiyelijua hilo hutumia nguvu zote kukikaza zaidi. Watengenezaji hawakufanya hivyo kwa ukorofi. Mwanafunzi achukue kalamu, aishike katikati kwa ngumi iliyolegea kidogo, kisha azungushe ncha yake moja kwa mkono wa pili ifuate mishale ya saa. Ataona kalamu yenyewe ikijizungusha kinyume ndani ya ngumi. Vivyo hivyo mgandamizo wa gololi unaozunguka ndani ya kikombe hukitambaza kikombe, polepole sana, kinyume cha mwendo wa ekseli. Kwa upande wa kulia mwendo wa ekseli ni wa mishale ya saa. Kikombe hutambaa kinyume. Na hesi ya kushoto hukifanya kijikaze badala ya kujifungua.

KUSOMA VIKOMBE

Vyote vioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa kwa kitambaa safi. Kabla ya kutoa kikombe cha kulia ni vizuri kukichungulia kwa tochi kupitia ndani ya bomba, na kuweka alama ya rangi upande wake wa juu. Hapa ile hesabu ya mwanzo hurudi na kudai kuthibitishwa. Mguu wa kulia ukishuka, kikombe cha kulia hugandamizwa chini na nyuma. Mguu wa kushoto ukishuka, hugandamizwa juu na nyuma. Katika hali zote mbili ni nyuma. Kwa hiyo hesabu hutabiri kwamba kikombe cha kulia kitalika zaidi katika nusu yake ya nyuma, na nusu ya mbele itakuwa karibu mpya. Cha kushoto kitalika chini zaidi ya juu. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaandikisha wanafunzi utabiri huo ubaoni kabla ya kikombe kutolewa, kisha kutafuta ukweli kwa ukucha: njia laini ya kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini mahali ukucha unapokwama pametoboka.

Kikombe kilichotoboka, au ekseli iliyotoboka, hubadilishwa. Kutia gololi mpya juu ya mashimo ya zamani ni kutupa fedha. Jambo moja la kuangaliwa wakati wa kununua ni idadi ya nyuzi. Vikombe vya kipimo kilichozoeleka zaidi vina kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa inchi. Lakini kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kwa miaka mingi kilitumia nyuzi 26, kwa kipenyo kinachokaribia sana hicho. Kikombe kisicho chake huingia mizunguko miwili kwa urahisi, kisha hukwama, na anayekilazimisha kwa spana ndefu huharibu fremu kwa mkono wake. Dawa ni kukiingiza kwa vidole tu mpaka karibu na mwisho.

Ikiwa duka liko mbali na fedha haipo, kuna njia ya muda inayotokana na ule utabiri. Nyuzi 24 kwa inchi maana yake ni kwamba kikombe husogea milimita 1.06 kwa mzunguko mmoja, na milimita 0.53 kwa nusu mzunguko. Pete ya bati yenye unene wa nusu milimita, mfano bati la geji 26, ikikatwa vizuri na kuwekwa chini ya ukingo wa kikombe cha kulia, itakifanya kikombe kikazike kikiwa kimegeuka nusu mzunguko: sehemu ya mbele, ambayo haijalika, itakuja nyuma. Na kwa kuwa ekseli nzima imesogea kulia kwa nusu milimita, kikombe cha kushoto nacho kitalazimika kuingia nusu milimita ili kuifuata, yaani kitageuka nusu mzunguko chenyewe. Pete moja hugeuza vikombe vyote viwili. Haiponyi ekseli iliyotoboka, wala kikombe kilichotoboka pande zote, lakini humvusha mtu msimu mmoja wa kilimo.

KUIRUDISHA

Baiskeli nyingi za siku hizi huja na gololi zilizofungwa ndani ya pete ya bati, saba hadi tisa kwa kila upande. Pete hiyo hurahisisha kazi kiwandani, wala haina faida nyingine kubwa kwa mwenye baiskeli. Zikiwa nane, ile gololi ya mzigo mkubwa hubeba nyutoni 1,460 badala ya 1,060. Kuzitupa na kutia gololi 11 zisizofungwa ni uboreshaji wa bei ndogo kuliko wote unaoweza kufanyiwa baiskeli ya namna hii. Baada ya kupanga 11 ibaki nafasi ndogo isiyotosha gololi moja. Ya kumi na mbili isishindiliwe kwa nguvu.

Kikombe hujazwa grisi ya kawaida ya magari, na gololi hupandwa ndani yake kama mbegu. Grisi itazishika zisianguke. Kabla ya kuingiza ekseli, kipande cha chupa ya plastiki hukunjwa kama bomba na kuwekwa kati ya vikombe viwili, ili kutu na uchafu unaodondoka ndani ya fremu usiziangukie gololi. Kisha kikombe cha kushoto huingizwa mpaka kuchezacheza kunakwisha, nayo ekseli ikiwa bado inazunguka kwa vidole bila kukwaruza. Ringi ya nje ikikazwa hukivuta kikombe nje kidogo, kwa hiyo kipimo kinachofaa kabla ya kuikaza huwa kimelegea baada yake. Fundi mzoefu hukikaza kikombe kupita kiasi kwa unywele mmoja, akijua kwamba ringi itamrudishia. Asiye mzoefu atarudia mara tatu au nne.

Kotapini mbili huingizwa kwa kuelekeana kinyume, ili krenki zibaki katika mstari mmoja, na bomba la kuegemezea hutumika wakati wa kuingiza kama lilivyotumika wakati wa kutoa. Nati haipewi kazi ya kuivuta pini. Huizuia tu isitoke. Baada ya kilomita kumi au ishirini za kwanza pini hupigwa tena, kwa kuwa huwa zimejikalia, na nati hukazwa upya. Ikiwa baada ya hayo yote sauti ya kusaga bado inasikika mguu unaposhuka, ekseli isifunguliwe tena kabla ya kutazama pedeli, maana nazo zina gololi zake ndani, ndogo zaidi, na ziko karibu zaidi na vumbi.